Mipira Miwili, Pistoni au Diaframu: Uchague Regulata Ipi ya Zamani?

Regulata kongwe, yaani kifaa kinachompa mzamiaji hewa ya mtungini anapoivuta, humfikia mtu kwa njia nyingi. Kuna anayeachiwa na mgeni anayefunga virago kurudi kwao, kuna anayeikuta ndani ya kreti stoo ya kituo cha uzamiaji, na kuna anayeinunua mtandaoni kwa kuvutiwa na mng'aro wa shaba iliyopakwa kromu. Maswali yanayofuata huwa yale yale. Niitengeneze nizame nayo, niiweke kabatini iwe pambo, au niiuze nitafute nyingine? Na kama ni kuzama, aina gani inastahili kuhangaikiwa?

Hapa nimeyaweka pamoja makundi matatu ambayo ndiyo yanayozunguka zaidi mikononi mwa watu. La kwanza ni regulata ya mipira miwili (mabomba ya raba ya kupitishia hewa) ya mtindo wa Aqua-Lung. La pili ni ya mpira mmoja yenye hatua ya kwanza (sehemu inayofungwa kwenye mtungi na kupunguza presha) ya pistoni, yaani mchi wa chuma unaokwenda na kurudi, na mfano nilioutumia ni Scubapro Mark 5 pamoja na hatua yake ya pili, ile ya mdomoni, ya 109. La tatu ni ya mpira mmoja ambayo hatua yake ya kwanza ina diaframu, yaani utando wa raba, na hapo nimechukua ukoo wa Conshelf wa US Divers. Ninamwandikia mtu ambaye tayari ana cheti na amezoea maji. Anayejifunza atumie vifaa vya kituo anachosomea, haya yatamsubiri.

Vigezo kwanza

Upumuaji. Kazi ya regulata ni kukupa hewa yenye presha sawa na ya maji yaliyokuzunguka. Kila mita 10 za kina huongeza takriban bar 1, sawa na presha ya hewa juu ya maji, kwa hiyo ukiwa mita 30 unavuta hewa ya bar 4, nzito mara nne kuliko ya juu. Regulata inayoonekana nyepesi ukiijaribu sebuleni inaweza kukubana huko chini pale mkondo unapokukazania. Kiwango cha Ulaya cha leo, EN 250, hakiruhusu kazi ya kupumua izidi juli 3 kwa lita, ikipimwa kwenye kina cha mita 50 kwa mpumuo wa lita 62.5 kwa dakika. Regulata tunazozizungumzia zilibuniwa kabla ya kiwango hicho, basi usitegemee kuuona muhuri wake.

Vipuri na ufundi. Shaba haina haraka ya kufa. Kinachokufa ni raba, oringi (pete za kuziba) na siti za plastiki, yaani vikalio ambavyo vali huzibia. Regulata ya mwaka 1970 yenye vipuri vipya ni kifaa kinachofanya kazi. Ya mwaka 1995 isiyo na vipuri ni chuma chakavu. Umri wa kifaa, kwa maoni yangu, ndilo jambo la mwisho la kuuliza.

Kuunganisha vifaa vya leo. Mzamiaji wa sasa anahitaji geji ya mtungi, okto (hatua ya pili ya akiba) kwa ajili ya mwenzake, na mpira wa kujazia jaketi la kuelea. Vyote vitatu vinataka matundu kwenye hatua ya kwanza.

Chumvi na mchanga. Bahari yetu ina vyote viwili kwa wingi, na joto lake halisaidii.

Kigezo cha tano wengi hukiruka: mwenzako. Hewa ikimwishia mita 18 chini, atakuja kwako akiwa na hofu, na mikono yake itakwenda pale ilipozoea kwenda. Kifaa unachokijua wewe tu ni tatizo lake yeye.

Kabla ya kuchagua, iweke mezani

Uchunguzi huu unahusu aina zote tatu, na mara nyingi unamaliza ubishi kabla haujaanza.

Anza na kichujio kidogo cha shaba kilichopo pale hatua ya kwanza inapokutana na mtungi. Kikiwa cha kijani, maji ya chumvi yameingia ndani. Vumbi jekundu ni kutu ya mtungi wa chuma. Weusi ni alama ya hewa chafu, aghalabu mafuta au masizi ya kompresa. Kijani kidogo si hukumu ya kifo: fundi hulowesha sehemu za shaba kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji ya uvuguvugu, akaisugua kutu kwa mswaki laini, akasuuza sana. Ila kromu iliyoanza kubanduka isikae humo muda mrefu, maana siki huingia chini yake na kuimalizia.

Kunja mpira wa hewa taratibu, hasa karibu na vichwa vyake vya chuma, ambako huchanika kwanza. Nyufa nyembamba kama nywele zikionekana, mpira huo ni wa kutupa. Usijidanganye kwamba utamaliza nao msimu mmoja.

Kwa hatua ya pili ya mpira mmoja kuna kipimo kisichohitaji hata mtungi. Ziba mlango wa hewa wa hatua ya kwanza kwa kifuniko chake, weka mdomoni, vuta kwa upole. Hewa isipite kabisa. Ikipita, diaframu imetoboka au ile vali ya raba ya kutolea pumzi imejikunja, na chini ya maji pale patapitisha maji.

Ikishafanyiwa huduma na kufungwa kwenye mtungi, fundi ataunga geji ya presha ya kati, ile inayotoka hatua ya kwanza kwenda ya pili. Kwa nyingi za mpira mmoja sindano hukaa karibu na bar 9 au 10. Muhimu zaidi ni inavyotulia: bonyeza kitufe cha kusukuma hewa, achia, sindano irudi mahali pake na kubaki hapo. Ikipanda polepole, kidogo kidogo, dakika baada ya dakika, siti haizibi. Mwisho wake ni hewa kumwagika mdomoni bila kuombwa. Halafu chukua beseni la maji, shusha hatua ya pili mdomo ukitazama juu. Hewa ikianza kulia diaframu ikiwa sentimita 3 hivi chini ya uso wa maji, imerekebishwa vizuri. Ikilia ikiwa imegusa maji tu, itakusumbua kwa kumwagika. Ikishuka sana bila kulia, utaivuta kwa jasho.

Mambo mawili ya hatari yanataka jicho la pekee. La kwanza ni tundu la presha kubwa, yaani la geji ya mtungi. Siku hizi tundu la geji lina uzi mpana kuliko matundu ya presha ya kati, kwa hiyo huwezi kukosea. Kwenye hatua nyingi za kwanza za zamani matundu yote yana uzi wa inchi 3/8, na mtu anaweza kufunga mpira wa jaketi mahali pa bar 200. Mpira huo utapasuka. La pili ni klampu, kibanio kinachoishika hatua ya kwanza kwenye vali ya mtungi. Klampu nyembamba za enzi za mitungi ya chuma ya takriban bar 155 hazikutengenezwa kwa presha ya mitungi ya sasa, na nyingine hata hazipiti kwenye shingo pana za vali mpya. Mtungi wa kawaida wa alumini hujazwa mpaka bar 200 au 207; klampu ya asili ikiwa haikupimwa kwa presha hiyo, badilisha klampu au usitumie regulata hiyo kabisa. Mitungi ya bar 232 na 300 iachwe kwa vifaa vyake.

Regulata ya mipira miwili

Hii ndiyo mama yao. Mwishoni mwa mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, Jacques Cousteau alikutana na Émile Gagnan, mhandisi wa Air Liquide aliyekuwa ametengeneza vali ya kuyalisha magari gesi kwa kuwa petroli ilikuwa adimu. Mwaka 1943 wakaigeuza vali ile impe mtu hewa anapoivuta tu. Mwaka 1946 ikaanzishwa La Spirotechnique kuzitengeneza, na 1955 ikatoka Mistral, yenye hatua moja tu. Marekani, US Divers walitoa DA Aqua-Master yenye hatua mbili mwaka 1958, kisha Royal Aqua-Master katika miaka ya 1960, ambayo hatua yake ya kwanza imesawazishwa, yaani haibadiliki presha ya mtungi inapopungua. Anayetaka kuzama na mipira miwili leo kwa kawaida anatafuta hii ya mwisho.

Upumuaji. Hapa panahitaji maelezo, kwa sababu hakuna regulata nyingine inayofanya hivi. Hatua zote mbili zimo ndani ya kopo bapa lililofungwa kwenye mtungi, nyuma ya shingo. Mpira unaopita bega la kulia unaleta hewa, wa kushoto unarudisha pumzi. Diaframu imo ndani ya kopo lile, wala haiko mdomoni. Ukiogelea kifudifudi, kopo liko juu kuliko mapafu yako, maji yaliyoligusa yana presha pungufu kidogo, na wewe unalipa tofauti hiyo kwa kuvuta zaidi. Geuka chali: kopo sasa liko chini ya mapafu, na hewa inakuja yenyewe kana kwamba inakusukuma. Toa kipande cha mdomoni ukiinue juu ya kichwa, hewa inamwagika. Kishushe chini ya kopo, inanyamaza.

Kwa hiyo mahali kopo linapokaa ni nusu ya mchezo. Wengi wanaolalamika kwamba mipira miwili ni mizito wamefunga mtungi juu sana kwenye jaketi la kisasa, kopo likawa kisogoni. Shusha mtungi mpaka kopo likae katikati ya mabega, karibu na mgongo kadiri inavyowezekana, na malalamiko mengi yatakwisha.

Mistral ina tabia yake zaidi. Kwa kuwa presha ya mtungi ndiyo inayoibana vali, huvuta kwa ugumu mtungi ukiwa umejaa na kulainika kadiri hewa inavyopungua. Ulaini unaokuja mwishoni usikufurahishe, tazama geji.

Kitufe cha kusukuma maji hakipo. Mpira ukijaa maji, unaegemea upande wa kushoto ili maji yateremke kwenye mpira wa kutolea, kisha unapuliza kwa nguvu. Ni ujuzi wa kufanyiwa mazoezi kwenye bwawa au penye mita 2 za maji. Mifano yenye vali ndogo ndani ya kipande cha mdomoni haijazi mpira wa kuleta hewa, na kazi inakuwa rahisi.

Faida yake kubwa, inayowafanya watu wazima wenye akili zao waihangaikie, ni kwamba mapovu hutokea nyuma ya kichwa. Uso uko huru, hakuna ngurumo masikioni, na samaki wanakaribia. Mpiga picha akizoea hilo ni vigumu kumrudisha.

Vipuri na ufundi. Ajabu ni kwamba hali ni nzuri kuliko ilivyokuwa miaka 20 iliyopita. Wapenzi wa vifaa hivi, hasa Marekani, wamefufua utengenezaji wa diaframu za silikoni, mipira ya makunjo na vali bapa za kutolea pumzi, na baadhi ya sehemu za ndani za Royal Aqua-Master zinalingana na za Conshelf. Aqua Lung yenyewe ilitoa Mistral mpya mwaka 2005, na kuna regulata mpya ya mipira miwili iitwayo Argonaut Kraken. Tatizo letu ni umbali: kila kipuri kitaagizwa, kitalipiwa ushuru, kitasubiriwa. Na fundi wa pwani aliyefunzwa regulata zinazouzwa leo huenda hajawahi kuifungua hata moja ya hizi. Muulize kabla hujamkabidhi.

Kuunganisha vifaa vya leo. Hapa ndipo inapobwaga mizigo. Nyingi hazina tundu hata moja. Kuna kiungio kinachoingizwa kati ya mtungi na klampu ili kupata tundu la geji, lakini kinaongeza oringi nyingine ya kuvuja na kinataka klampu ndefu. Suluhisho ninaloliamini ni mtungi wenye vali ya midomo miwili: mipira miwili upande mmoja, na upande wa pili hatua ya kwanza ya kawaida iliyobeba okto, geji na mpira wa jaketi. Hapo mwenzako anakuta kifaa anachokijua.

Chumvi na mchanga. Sehemu za chuma hazina shida kubwa. Shida ni mipira. Makunjo yake hubaki na unyevu, na kwa hewa ya Mombasa au Tanga ukungu huota ndani upesi. Baada ya kuzama suuza kwa maji yasiyo na chumvi, ining'inize mipira ikitazama chini kivulini mpaka ikauke kabisa.

Inamfaa nani. Mpenda historia, mpiga picha wa maji mafupi na mwalimu mzoefu anayetaka wanafunzi waone fizikia ya presha kwa macho. Haimfai anayezama na wageni wa kila siku. Kituo chochote kinachofuata taratibu za leo kitakuuliza okto iko wapi, na hutakuwa na haki ya kukasirika.

Mpira mmoja, pistoni: Mark 5 na 109

Mpira mmoja haukutoka kwa Cousteau. Ted Eldred wa Melbourne, Australia, ndiye aliyeingiza sokoni Porpoise mwaka 1952, hatua ya kwanza ikiwa kwenye mtungi na ya pili mdomoni, mpangilio ambao dunia nzima inaufuata mpaka leo. Scubapro ilianzishwa 1963 na Gustav Dalla Valle na Dick Bonin, na mwaka 1970 wakatoa Mark 5.

Upumuaji. Ndani ya Mark 5 kuna pistoni yenye tundu katikati. Hewa hupita ndani ya shina lake. Muundo huo unaifanya presha ya kati isitikisike mtungi ukiwa na bar 200 au 50, na hewa ni nyingi. Hatua ya pili ya 109 ina kirungu pembeni cha kukaza na kulegeza uvutaji. Kiwanda baadaye kiliisawazisha ikawa 156, na 109 nyingi zimegeuzwa hivyo kwa kubadilishiwa sehemu za ndani. Ikiwa katika hali hiyo, sioni aibu kuiweka mbele ya regulata nyingi za bei ya kati zinazouzwa sasa. Mwili wake wa chuma una faida ndogo ambayo plastiki haina: unyevu wa pumzi yako hugandia kwenye shaba baridi, na koo halikauki sana.

Vipuri na ufundi. Sehemu muhimu za 109 na 156 zinaingiliana na za G250 iliyokuja baadaye, kwa hiyo siti na springi zinapatikana. Mark 5 nayo ina sehemu chache. Kuna kitu kimoja cha kukikagua kwa kioo cha kukuzia: ncha kali ya shina la pistoni, ile inayokandamiza siti. Ikiwa na kovu, hata la unywele, siti mpya haitasaidia. Presha itapanda tu. Pistoni nyingine ndiyo dawa, na hizo hazipatikani kirahisi kama siti. Presha ya kati hurekebishwa kwa kuongeza au kupunguza washa nyembamba ndani, yaani kila marekebisho ni kufungua upya. Kwa fundi mwenye subira si kitu.

Kuunganisha vifaa vya leo. Hapa Mark 5 ilitangulia wakati wake. Ina kichwa kinachozunguka chenye matundu kadhaa, na isipokuwa zile za mwanzo zenye tundu la geji la uzi mdogo, unafunga okto, jaketi na geji bila kiungio chochote. Wengine huchanganya: hatua ya kwanza kongwe, hatua ya pili mpya. Inakubalika, mradi presha ya kati ilingane na ile ambayo hatua mpya inaitaka.

Chumvi na mchanga. Hapa ndipo penye udhaifu wake. Springi kubwa inakaa ndani ya maji ya bahari, yanayoingia kupitia matundu ubavuni. Chumvi hukauka humo, mchanga hujikusanya, na oringi za pistoni husuguliwa kila unapovuta pumzi. Kuimwagia ndoo moja haitoshi. Iloweshe kwenye maji yasiyo na chumvi kwa muda wa kutosha, itikise, iloweshe tena. Ukizamia ufukweni kwa kutembea, ambako mawimbi yanakoroga mchanga, itahitaji fundi mapema kuliko wenzake.

Inamfaa nani. Mtu anayezama mara kwa mara, kwenye maji safi, anayetaka kifaa cha zamani kinachofanya kazi kama cha leo. Mwenzako hatagundua tofauti, na kwa kigezo cha tano hiyo ni sifa kubwa. Ukikutana na ndugu yake mdogo, Mark 2, usimdharau: pistoni isiyosawazishwa, sehemu chache mno, na toleo lake bado linauzwa. Tofauti utaihisi mtungi unapokaribia kwisha, hewa inakuwa nzito. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Mpira mmoja, diaframu: Conshelf

Jina limetoka kwenye majaribio ya Cousteau ya kuishi chini ya bahari, la kwanza karibu na Marseille 1962, la pili kwenye mwamba wa matumbawe wa Sha'ab Rumi, Sudan, 1963. Regulata zenyewe zilianza miaka ya 1960 na zikaendelea kwa miongo kadhaa kwa namba tofauti.

Upumuaji. Hatua ya kwanza imesawazishwa, kwa hiyo hewa haibadiliki sana mtungi unapopungua. Hatua ya pili ni ya kawaida kabisa, wenzo, springi na siti, bila kirungu cha kurekebishia. Haina wepesi wa 109 iliyosawazishwa, na kwenye kina kirefu ukitumia nguvu utauhisi upungufu huo. Kwa mita 18 za maji tulivu, sijamsikia mtu akiinung'unikia.

Vipuri na ufundi. Hapa inashinda kirahisi. Muundo wa ndani uliendelea kwenye Titan ya Aqua Lung, siti zinapatikana, na presha ya kati hurekebishwa kwa kuzungusha ufunguo wa pembe sita huku geji ikiwa imefungwa. Fundi anayeanza kujifunza regulata za diaframu ningempa hii kabla ya nyingine yoyote.

Kuunganisha vifaa vya leo. Inategemea umri. Za mwanzo zina matundu machache, na ndizo zenye hatari ya uzi mmoja niliyoitaja. Za miaka ya baadaye zinabeba kila kitu. Hesabu matundu kabla ya kutoa pesa.

Chumvi na mchanga. Diaframu ya raba inaziba njia. Maji yanaigusa springi ya nje lakini hayafiki kwenye vali. Kwa mtu anayezama upande wa Mafia unaotazama delta ya Rufiji, ambako masika huleta tope, au anayeingia majini kutoka ufukweni kila siku, tofauti hii ina uzito kuliko wepesi wowote wa kuvuta.

Inamfaa nani. Anayetaka regulata ya kazi: ya boti, ya akiba, ya kuazima jamaa mwenye cheti. Haina mvuto wa mipira miwili wala sifa za 109, na kwa sababu hiyo bei yake huwa ya kirafiki zaidi.

Kwa hali yako

Umeachiwa moja bure na hujui pa kuanzia. Tafuta jina na namba ya toleo kwenye mwili wa hatua ya kwanza, kisha ulizia vipuri kabla ya kulipia huduma yoyote. Jumlisha: siti na oringi za hatua mbili, mpira mpya, pengine klampu. Jumla hiyo ikikaribia bei ya regulata ya kisasa iliyotumika na inayohudumiwa hapo ulipo, endelea tu kama unaipenda.

Unazama na kituo, wageni wakiwa pembeni yako, Nungwi au Watamu. Mark 5 au Conshelf ya miaka ya baadaye, yenye okto na geji. Ya mipira miwili iache nyumbani siku za kazi.

Unazamia ufukweni, mchangani, au kwenye maji ya tope. Conshelf. Kama ulichonacho ni Mark 5, itumie wakati wa kaskazi bahari ikiwa shwari, na uzamie kutoka kwenye boti.

Unakwenda kina kirefu, kwenye mabaki ya meli kama MV Dania nje ya Mombasa. Kwenye mita 30 mimi ningechukua Mark 5 yenye 109 iliyosawazishwa na kupimwa na fundi mwaka huo huo, ama regulata mpya. Conshelf itakufikisha, ila usiitumie kupigana na mkondo. Mipira miwili sipeleki huko.

Unapiga picha, unazama mita 10 au pungufu, na mwenzako ni yule yule kila mara. Royal Aqua-Master, vali ya midomo miwili, na siku chache za mazoezi pamoja naye majini mkipeana okto mpaka mikono yake iizoee.

Unatumia hewa iliyoongezwa oksijeni. Usiingize regulata yoyote kati ya hizi mpaka fundi aifungue, aisafishe na kutumia grisi inayoruhusiwa kwa gesi hiyo. Hujui miaka 40 iliyopita mtu aliipaka nini.

Hatimaye, fundi akikuambia haifai, au vipuri havipo, iweke kabatini. Ila kabla ya kuiweka, mwambie aitoe siti ya presha kubwa aitupe, na uandike kwenye kikaratasi kilichofungwa kwenye klampu kwamba haizamiwi. Vinginevyo, siku moja haupo, mjomba wa mtu ataiona inang'aa na kuifunga kwenye mtungi.